Maji ya Chania Kwenye Kitambaa

Mugutha, Ruiru
Januari, 1959

Mwanangu Wangari,

Kawaida barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi nakusikia ukijigeuza upande wa pili wa ukuta, najua hujalala na najua u mzima, basi hilo tuliruke. Habari za sabuni, blanketi na mahali pa kuficha nauli mama yako amezisema tangu asubuhi, na shangazi yako Wambui, Tata kama unavyomwita, akazirudia kana kwamba mama yako hakusema. Sina la kuongeza. Kesho utapanda gari la moshi uende ukasomee ualimu. Nitakubebea sanduku mpaka stesheni ya Ruiru, na ninavyojijua, tukifika pale nitazungumza habari za mvua.

Ndiyo sababu naandika. Na naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika nilipokuwa jeshini, na pia kwa kuwa Kikuyu changu kina njia nyingi mno za kukwepa. Kwa Kikuyu ningekuita Maitu kwenye mstari wa kwanza, na nikishakuita hivyo barua yote ingeharibika.

Desturi unaijua, lakini niache nieleze kana kwamba huijui, maana hata mimi niliifuata bila kuifikiria. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa jina huwa ni yeye. Kwa hiyo ulipozaliwa ulikuwa mama yangu. Nilikuita Maitu, yaani mama yangu, kabla hujaota jino. Mama mwenyewe alikuwa hai bado, akikutemea mate kifuani ya kukubariki na kukuamkia kwa adabu kama mtu na mwenzake. Yeye, kama ulivyosikia mara nyingi, alikuwa mtu wa dawa za watoto. Wanawake walikuwa wakivuka mto kumletea watoto wenye homa. Alipofariki ulikuwa mdogo, na kwenye matanga watu walikuangalia wewe wakasema, "Wangari hajaenda mahali, si huyu hapa?" Nilifurahi kusikia hivyo. Lilikuwa jambo la kufariji na halikunigharimu kitu.

Kisha akazaliwa Njuguna, akapewa jina la baba yangu. Hapo utani wangu ukapata miguu. Ulipokuwa ukimbeba mdogo wako mgongoni, niliwaambia wageni, "Tazameni, mama yangu amembeba baba yangu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yako alicheka mara ya kwanza tu. Mara ya pili alisema, "Na wewe nani atakubeba?" Nilidhani ananitania.

Mama yako alipochukuliwa na askari pamoja na wanawake wengine wa upande wetu, ikasemekana wamewapelekea wapiganaji chakula msituni, Njuguna alikuwa ndio kwanza anaanza kukimbia. Baadaye kidogo tukahamishwa, nyumba zote zikabomolewa na watu wakakusanywa katika kijiji kimoja chenye handaki na lango. Wewe unayakumbuka haya vizuri kuliko mimi. Mimi nakumbuka zaidi kazi, na hilo ni mojawapo ya mambo ninayokuandikia.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa mapazia ya studio ya picha kule Thika. Mwenye studio alikuwa yule Mhindi tuliyemwita Bwana Miwani. Watu walikuja kwake kupigwa picha za vitambulisho, uso na mabega basi, lakini waliobaki na senti walitaka picha ya pili, ya kusimama wakiwa wamevaa vizuri, na nyuma yao kuwe na kitu. Hicho kitu nilikichora mimi. Nilichora ngazi za nyumba za Wazungu, bustani, ziwa lenye ndege wa shingo ndefu ambao sijawaona hadi leo. Nilichora kwenye kitambaa cha merikani kikubwa kama ukuta wa nyumba hii, kwa rangi ya unga iliyokorogwa na gundi.

Majuma ya kwanza niliwachukua nyote wawili. Wewe nilikuketisha kwenye fremu ya baiskeli, na Njuguna ukamfunga mgongoni. Pale studio tulimfunga kiunoni kwa ukanda wa merikani, mwisho wa pili kwenye mguu wa meza, akawa anazunguka na kulamba chaki. Siku moja alifika hadi kwenye bustani yangu akaweka kiganja kizima chenye rangi nyekundu kwenye majani, chini kule. Nilipiga kelele. Halafu nikakigeuza kile kiganja kuwa ua, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza ni ua gani. Kazi ilikwenda polepole, lakini ilikwenda. Nakwambia hili kwa sababu watu watakwambia kwamba mtu wa kuchora hawezi kulea, kwamba mambo hayo mawili hayakai chungu kimoja. Si kweli. Yalikaa. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, hilo nakubali, lakini nilikuwa nikiiweza.

Mimi ndiye niliyechoka. Bwana Miwani hakuwafukuza. Alinung'unika, lakini yeye alinung'unikia hata jua. Nilichoka kusimamisha brashi ili nimfute mtu kamasi. Nilitaka siku moja nzima, toka asubuhi hadi jioni, ya kuangalia kitambaa tu. Nikaamua mbaki kijijini. Nilijiambia, Maitu yupo, anaijua nyumba, anawajua watoto. Nilitoka asubuhi na baiskeli yangu kama kijana anayewaaga wazazi wake, nikaondoka mwepesi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, Wangari. Nilikuwa mtoto wa watoto wangu.

Sasa nifike pale.

Bwana Miwani alitaka maporomoko ya Chania. Watu wa Thika walikuwa wamechoka na ngazi za Wazungu, walitaka maji yao wenyewe. Lakini kule kwenye maporomoko, pale penye hoteli, mtu kama sisi hakuruhusiwa kusimama akatazama, na siku zile za Hali ya Hatari hakuna aliyeruhusiwa kusimama popote. Basi wangesimama mbele ya kitambaa changu. Nilikuwa nimeyaona maji yale nikiwa kijana, kutoka ng'ambo ya mto, na nilikuwa nimeyabeba kichwani miaka yote. Sijawahi kutaka kuchora kitu namna ile.

Gundi tuliipata kwa kuchemsha vipande vya ngozi. Bwana Miwani dini yake haikuruhusu ngozi ichemshwe ndani ya jengo lake, kwa hiyo niliichemsha nyumbani jioni, na asubuhi nikaifunga ndoo nyuma ya baiskeli. Gundi ile hailali mara mbili. Ikilala mara ya pili huoza, na rangi iliyokorogwa na gundi ya leo haifanani na ya kesho. Ukianza maji kwa ndoo moja, uyamalize kwa ndoo hiyo hiyo, ama sivyo mto utakuwa na viraka.

Asubuhi ile nilikuwa nimeinama nafunga ndoo. Ulikuja ukasimama nyuma yangu ukasema, "Baba, Njuguna ana moto. Hataki uji. Na anapumua hivi." Ukanionyesha kwa kifua chako mwenyewe, haraka haraka, mabega yakipanda. Nililiona hilo. Sitajitia hamnazo niseme sikuliona. Nikasema, "Wewe ndiye daktari wa mji huu, Maitu. Kwani ni mimi niliyetibu watoto wa Mugutha nzima?" Nikacheka. Na wewe ukacheka kidogo, kwa heshima. Ulikuwa hujafika miaka kumi na moja. Nikapanda baiskeli.

Pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kutoka kijijini, ilikuwa mfukoni mwangu. Hilo ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Watu wazima wote wa kijiji walikuwa wamepelekwa kuchimba handaki. Dispensari ilikuwa nje ya lango. Mtu aliyeweza kumpitisha mtoto yule langoni siku ile alikuwa mmoja, na alikuwa akienda Thika na ndoo ya gundi.

Yaliyofuata niliambiwa na homugadi, yule mlinzi wa serikali wa langoni, maana wewe hukuniambia na mimi sikukuuliza. Alisema ulikuja jua likiwa bado upande wa mashariki, umembeba mgongoni. Alikuuliza, "Karatasi iko wapi?" Ukasema huna. "Na babako?" Ukasema yuko Thika, kazini. "Basi mngoje." Alinisimulia bila kuona haya, na sikumlaumu, maana mimi niliyemzaa mtoto nilikuwa nimesema maneno mabaya zaidi ya hayo. Ulirudi ukamchemshia yale majani uliyomwona nyanya yako akichemsha. Kisha ukamfunga tena mgongoni ukaja ukaketi langoni, kunisubiri.

Nami kule Thika nilichora maji. Maji yanayoanguka si meupe, watu hudhani ni meupe. Yana udongo ndani yake, na kijani, na nyeupe ni kidogo sana, huwekwa mwisho. Siku ile mkono wangu haukukosea hata mara moja. Sitakudanganya kwa sababu ya huzuni: lile pazia lilikuwa zuri. Ndilo zuri kuliko yote niliyofanya. Nilirudi nikiendesha baiskeli kwa furaha, viwiko vina rangi, na nilipowaona mmeketi pale langoni nikasema, "Haiya, Maitu! Mmekuja kunipokea?"

Ukasema, "Amelala."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa unajua.

Tulimzika. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, na nilidhani ganzi ile ingeisha kama mguu uliokaliwa, kwa kuchomachoma kwanza. Haikuisha. Baada ya maziko nilirudi Thika, kwa sababu povu la chini lilikuwa halijakamilika, na nilikuta rangi haifanani, kama nilivyojua. Nikaweka mawe juu ya mahali penyewe. Watu wengi sana wamepigwa picha mbele ya mawe yale. Naandika haya yote na macho ni makavu. Usidhani ni ushujaa, wala usidhani simkumbuki. Namkumbuka kama mtu anavyokumbuka jina la mahali.

Katika studio ile yote, penye mashine ya picha, hatukuwahi kumpiga Njuguna picha. Hilo nililiona baadaye sana, mama yako alipoomba kuuona uso wake.

Mama yako aliporudi kutoka kizuizini aliingia na kifurushi chake akaketi pale kwenye kigoda, hakutaka chai. Habari za kifo alikuwa amepelekewa, hakujua zaidi. Akauliza, "Nani alikuwa na mtoto?"

Nikasema, "Alikuwa na Maitu."

Ulikuwa mlangoni na debe la maji kichwani. Hukumwaga hata tone. Ulilitua, ukalifunika, ukatoka nje.

Sikusema uwongo, na ndiyo maana nimeshindwa kulisahau. Ningesema uwongo ningeweza kuutubu kanisani nikamaliza. Nilichagua ukweli mmoja uliokuwa mdogo, nikauacha ule mkubwa mfukoni pamoja na pasi. Nilimwogopa mama yako. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa, na nilikuwa na hamu anitazame vizuri. Basi nikampa wewe.

Tangu siku hiyo hajakwambia neno baya, na mimi nilijiliwaza kwa hilo. Lakini mdogo wako Nyambura alipozaliwa mwaka jana niliona. Mama yako humfunga mgongoni mwake mwenyewe akienda kisimani, akienda shamba, akikata kuni. Wanawake wengine wakiwa na binti mkubwa nyumbani husema, "Hebu nishikie huyu." Yeye hajakwambia hivyo hata siku moja. Na wewe hujawahi kunyoosha mikono kuomba. Tumekaa hivyo, watu wanne katika nyumba moja, tukila vizuri, tukisali vizuri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wako niliutazama kila siku nikaona ni mwepesi, kwa sababu hukulalamika.

Juzi Wambui alinijia kule nyuma ninakokoroga rangi. Alisema mlikuwa mnachambua maharagwe, akakutania, "Mwalimu, wajukuu tutawaona lini?" Na wewe ukamjibu bila kuinua macho, "Mimi watoto siwawezi, Tata. Wanafia mikononi mwangu." Wambui alisema ulilitamka kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Kisha akaniuliza, "Mtoto huyu amelitoa wapi neno hili?" Nilijua limetoka wapi. Nikamwambia sijui.

Unakwenda kusomea ualimu. Utawekewa watoto arobaini mbele yako. Nilikesha na jambo hilo, na ni mara ya kwanza kwa miaka kitu kuninyima usingizi.

Leo jioni mama yako alikuwa akimenya viazi. Nikaketi karibu yake nikamwambia yote: moto, uji, kupumua, ndoo, maneno yangu, pasi. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye habari ya lango akaacha.

"Alikwenda langoni?"

"Alikwenda."

"Na mtoto mgongoni?"

"Ndiyo. Akarudishwa. Akaenda tena kunisubiri."

"Mimi sikuambiwa habari ya lango," akasema. Akachukua kiazi kingine, nikadhani amemaliza. Kisha akasema, bila hasira, na ningependa iwe kwa hasira, "Na kwa nini unaniambia mimi? Mwenyewe yuko hapo ndani anapanga nguo. Mwambie mwenye mzigo."

Nilisimama mlangoni kwako. Ukaniuliza kama nimetafuta kamba ya sanduku. Nikasema nimeipata. Nikarudi. Mdomo umenishinda, basi nimechukua kalamu.

Wangari, desturi haina kosa. Mama yangu angekuwa hai angenipiga kofi mbele ya watu kwa nilivyoitumia. Kumwita mtoto mama ni kumheshimu. Mimi nilikuita mama ili nipate kuondoka. Na kazi pia haina kosa. Utaipenda kazi yako, natumaini, maana mtu asiyependa kazi yake ni tabu kuishi naye. Usikubali wakwambie uchague, kazi au watoto, kana kwamba siku itafika mtu akupangie viwili hivyo mezani ukatazama ukaamua. Mimi sikuwahi kuwekewa mezani. Ilikuwa asubuhi kama nyingine, nimeinama nafunga ndoo, na mtu mdogo akasema jambo nyuma yangu. Gundi ingeoza. Bwana Miwani angenung'unika. Mto ungekuwa na viraka. Sasa nikiyapanga hayo naona hakuna hata moja ambalo nisingeweza kulivumilia.

Kama kuna neno moja nililolipata kwa gharama, ni hili: mtoto akija kukwambia kwamba hajui la kufanya, usimwambie kuwa anajua. Hata ukicheka. Hata akicheka nawe. Mengine utayagundua mwenyewe, na utayakosea kwa namna yako.

Mama yako alipomaliza viazi alifungua kitambaa cha mgongoni, akaja kwako na Nyambura, akamlaza kitandani mwako akatoka. Najua ulishangaa. Nilisikia kitanda kikilia, ukamsogeza upande wa ukutani asianguke. Mama yako naye alikuwa akisikiliza. Hatukutazamana.

Sikuombi unisamehe, maana utasamehe upesi, kwa heshima, kama ulivyocheka asubuhi ile, na sitaki. Nataka kitu kingine. Kule chuoni mtakaa na wasichana, mtaulizana habari za nyumbani. Watakuuliza mko wangapi. Usiseme wawili. Sema mlikuwa watatu, mmoja mvulana, alifariki akiwa mdogo. Wakikuuliza jina, wape jina lake. Na atakuwepo mmoja, maana hakosekani, atakayeuliza mtoto alikuwa na nani siku hiyo.

Mwambie alikuwa na baba yake.

Mimi,
baba yako